Mwambie Baba Nimegongwa

Korogwe,
11 Mei 2025

Ikram,

Nilikuona.

Siku ile ya Desemba pale Kabuku nilikuona, na nilikusikia. Niliiona pikipiki ikikugonga kwenye tuta na dereva wake akikimbia. Niliwaona wanaume wa kilabu cha pombe wakikubeba mpaka kwenye benchi la barazani, na yule mama muuza gongo akikumiminia gongo kwenye jeraha, nawe umeuma ncha ya mtandio wako. Tulipofika mbele ya baraza ukaniita. Ulisema, “Rosa, mwambie baba nimegongwa.” Hukupiga kelele, hukuyumba, ulisema kama mtu anayemwagiza mwenzake chumvi. Nikakitazama kisogo cha msichana aliyekuwa mbele yangu, nikaendelea kutembea.

Hili sijamwambia mtu. Mama hajui, kanisani hawajui. Najua ulidhani sikukusikia kwa sababu ya malori. Nilikusikia.

Kuna jingine. Jioni ile baba yako alikuja nyumbani kwetu Kwamsisi, akasimama nje ya ua kama kawaida yake, akaniita. “Binti Mdoe, ninyi mlikuwa Kabuku. Ikram wangu mlimwona?” Nikasema, “Sikumwona, mzee.” Akanishukuru. Aliponishukuru ndipo nilipoelewa nilichofanya, lakini alikwisha kunipa mgongo.

Sina sababu ya kujivunia, ninayo moja tu ya kukueleza. Tulikuwa tumevaa sare ya kwaya, tunaelekea kwenye mkutano wa injili. Asubuhi ile Mama Mdogo Paulina, anayetufundisha kwaya, alitusomea neno kwamba Mkristo hakimbii ubaya tu, anakimbia hata kinachoonekana kama ubaya. Kilabu cha pombe, alisema, usisimame hata kufunga kamba ya kiatu. Mimi nilitii.

Sasa nakaa kwake hapa Korogwe. Matokeo yangu ya kidato cha nne unayajua. Nimepata kazi ndogo na watu wanaotafsiri Biblia kwa Kizigua: nawasomea watu rasimu, nawauliza wamesikia nini, naandika. Wiki hii nimepewa mstari ule ule. Nimeusoma mara nyingi, na kila nikiusoma naliona lile benchi.

Nakuandikia kwa sababu simu yako baba yako aliichukua, na kwa sababu mdomo wangu unaujua. Dada anayeuza nyanya hapa sokoni, ambaye kwao ni Mkumbara, ataileta barua mpaka kwa bibi yako.

Nisamehe kama utaweza. Tafadhali haya yabaki kati yetu.

Rafiki yako,
Rosa


Mkumbara,
17 Mei 2025

Rosa,

Usijiite rafiki yangu tena. Jina lako linatosha.

Eti yabaki kati yetu! Umekaa na neno hilo miezi mitano, halafu unaniletea mimi nikutunzie? Mimi niliyefukuzwa kwa sababu yake?

Ngoja nikueleze kilichotokea baada ya kisogo chako kupita, maana hukugeuka kutazama. Nilifika nyumbani nachechemea, nanuka gongo kuanzia goti mpaka kidole. Watu walikwisha kunitangulia kumwambia baba kwamba binti yake alikuwa kilabuni amekumbatiwa na walevi. Nikasema nimegongwa. Akaniuliza, “Nani kaona?” Nikasema, “Rosa.” Akainuka, akaenda kwenu. Niliketi jikoni na mama nikiwa sina wasiwasi hata kidogo, Rosa. Nilimwambia mama, “Ngoja, anarudi sasa hivi.”

Akarudi. Hakunipiga. Alisema, “Mtoto wa Mdoe hajawahi kunidanganya.” Kisha akasema mlevi huanguka, na jeraha la mlevi halina mganga. Kesho yake nikapandishwa basi nije kwa Bibi Tatu, mama yake mama, hapa Mkumbara, nimpalilie maharage mpaka akili inirudie.

Usiniambie baba angewauliza watu wa kilabuni. Baba yangu kumwomba mlevi ushahidi? Angelala njaa kwanza. Na yule mama wa gongo, ambaye dini yako inamwita nani sijui, ndiye aliyenivua kitambaa kilicholowa, akanifunga upya kwa mtandio wangu mwenyewe, akanitafutia gari. Hakuniuliza kama nimevaa sare.

Majina ya kidato cha tano yanakaribia kutoka. Nimefaulu, unajua. Baba amesema wazi: mlevi haendi bweni kumharibia jina ugenini. Atakayebadilisha maneno hayo ni mtu mmoja tu, na yuko Korogwe anasoma vitabu.

Nenda ukamwambie. Si mimi wa kuambiwa. Mimi nilikuwepo.

Ikram


Korogwe,
25 Mei 2025

Ikram,

Barua yako niliisoma chooni, maana hapa sina mlango mwingine unaofungwa.

Siwezi. Nimejaribu kuwaza jinsi nitakavyosimama mbele ya baba yako na hata viatu sijavivaa. Na Mama Mdogo akisikia nimekwenda kuwa shahidi wa mambo ya kilabuni, atanitoa kwenye kwaya na kwenye kazi siku hiyo hiyo. Nilimpima juzi. Nilimuuliza, “Mama Mdogo, mtu akiona jirani yake ameumia mbele ya kilabu, afanyeje?” Akasema, “Aombe akiwa anatembea.” Akacheka, kisha akanitazama sana.

Lakini kuna kitu ninachoweza. Mstari ule una rasimu mbili. Mwinjilisti Matayo, anayesimamia kazi yetu, anasema neno la Kiyunani linaweza kutolewa kwa njia zote mbili, na Wakristo wamekuwa wakiishi kwa njia mbili kwa sababu hiyo. Rasimu ya kwanza ukiileta kwa Kiswahili inasema hivi: Kaeni mbali na kila kinachoonekana kibaya. Hiyo ndiyo anayoitaka Mama Mdogo, maana mhubiri aliyemlea alikuwa na Biblia ya zamani ya Kiingereza inayosema hivyo, na amewalea wasichana wote kwa hiyo. Ya pili inasema: Kaeni mbali na uovu wowote ule. Tena maneno yaliyotangulia yanatuambia tupime kila jambo, tushike lililo jema. Mimi sikupima kitu. Niliona benchi nikakimbia.

Kamati inakaa tarehe kumi na nne Juni, na Mama Mdogo ni mjumbe. Wanasikiliza sana majibu ya wasikilizaji. Kwenye kazi yetu anayeijua Biblia hafai kusikiliza, kwa sababu anasikia alichokwisha kukariri. Tunatafuta asiyeijua. Wewe huijui, na Kizigua chako ni cha nyumbani. Nimekuandikia rasimu zote mbili kwa Kizigua kwenye karatasi ya pili. Zisome taratibu, halafu niandikie umesikia nini. Nitaliandika jibu lako kama lilivyotoka, ndiyo sheria yetu.

Labda likibadilika neno, itakuwa nimekusaidia.

Rosa


Mkumbara,
8 Juni 2025

Rosa,

Majina yametoka. Nimepangiwa shule ya bweni ya wasichana, mchepuo wa sayansi. Mjomba alimpigia baba kumpongeza. Baba alisema, “Nafasi hiyo wampe mwingine,” akakata simu. Julai tunaripoti.

Na wewe umenitumia mtihani!

Nilitaka kuuchoma. Bibi Tatu ndiye aliyenizuia, alisema karatasi nyeupe namna ile ni ya kufungia karanga. Basi nikaisoma. Umeniomba jibu, na mimi si kama wewe, nikiitwa naitika.

Ya kwanza nimeisikia hivi: Kaeni mbali na Ikram.

Andika hivyo hivyo. Usiirembe.

Ya pili nimeisikia hivi: Uongo nao ni uovu, hata ukisemwa na mtoto aliyevaa sare nyeupe, hata ukisemwa kwa sauti ndogo nje ya ua.

Sasa na mimi nina kazi ya kukupa. Soma maneno haya taratibu: Mwambie baba nimegongwa. Umesikia nini? Niandikie jibu lako kama lilivyotoka. Usiniletee Kiyunani.

Unasema neno likibadilika utakuwa umenisaidia. Yaani mkae mezani mnywe chai, mfute neno, muandike neno, mimi niendelee kupalilia maharage? Kitabu ni chenu, kifanyeni mtakavyo. Mguu ni wangu, na baba ni wangu.

Ikram


Korogwe,
10 Juni 2025

Kwa binti Ikram Sabiri,

Mimi ni Paulina, mama mdogo wa Rosa. Nimeikuta barua yako ya tarehe nane chini ya godoro la mtoto wangu, pamoja na nyingine. Sikuwa natafuta. Nilikuwa natandika.

Nitakwambia kama mzazi, maana inaonekana kwenu umekosa wa kukuambia. Achana na Rosa. Mtoto huyu ni mpole, neno la mtu linamlala kifuani mwezi mzima. Wewe umemwona ni laini ukaamua kumsaga. Unamtaka akasimame mbele ya wanaume wa Kwamsisi ataje kilabu, ataje gongo, na jina lake likae kwenye sentensi moja na hayo mpaka aolewe? Jina la msichana likishikwa na vidole vichafu halifuliwi, wewe ungekuwa wa kwanza kulijua hilo.

Unamdhihaki eti kitabu chetu. Binti, mimi nimelea wasichana wa kwaya tangu kabla hujazaliwa. Hakuna hata mmoja aliyebeba mimba akiwa mikononi mwangu, na si kwa sababu nilikuwa nawapimia kila jambo. Niliwaambia: kikionekana kibaya, pita. Msichana maskini hana muda wa kupima. Akisimama kupima, amekwisha kuonekana. Wewe unayajua matunda ya kusimama.

Sikatai kwamba uliumia. Lakini mtu hapelekwi barazani kwa walevi akalazwa kwenye benchi, mguu juu, kitambaa cha kijani kimefungwa gotini kama bendera, halafu akategemea watoto wa watu waje wamzunguke. Ungeenda zahanati.

Usiandike tena. Ukiandika nitaichoma kabla haijafunguliwa.

Paulina,
Mwalimu wa kwaya


Mkumbara,
12 Juni 2025

Mama Paulina,

Shikamoo.

Barua hii nimempa dada wa nyanya akuwekee mkononi, na nakala nimempa ampe Rosa sokoni, ili usisumbuke na kiberiti.

Nauliza jambo moja tu. Nani alikwambia kitambaa kilikuwa cha kijani?

Rosa hakuandika rangi, barua zake ninazo. Kile kitambaa kilikuwa cha mama wa kilabu, kilikaa gotini kwangu kwa muda mfupi kikalowa, tukakibadilisha kwa mtandio wangu mweusi kabla sijapanda gari. Kwamsisi hakuna aliyekiona, hata mama yangu. Kilionekana na walevi, na waliopita wakati nafungwa.

Mimi nilidhani Rosa alipita kwa sababu ya mstari. Kumbe mbele yake palikuwa na mtu mzima aliyegeuza shingo akatazama vizuri, akaona goti, akaona damu, akaona na rangi ya kitambaa, ndipo akawaambia watoto watazame mbele.

Unasema msichana maskini hana muda wa kupima. Wewe muda ulikuwa nao, Mama.

Ni mimi,
Ikram


Kwamsisi,
20 Juni 2025

Ikram,

Uliniuliza nilisikia nini. Hili ndilo jibu, kama lilivyotoka: nilisikia wewe umeumia, na unataka mimi nikusemee, na unajua nitakusemea. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Naandika nikiwa nyumbani kwa mama. Kwa Mama Mdogo sipo tena.

Tarehe kumi na nne kamati ilikaa. Mwinjilisti Matayo alituomba wasomaji tusome majibu tuliyoyapata. Yangu yalikuwa ya watu wanne, nikaliweka lako mwisho. Nikasoma: “Kaeni mbali na Ikram.” Wakadhani nimekosea. Mzee mmoja akasema, “Rudia, binti, hatukupata.” Nikarudia.

Mama Mdogo akasema, “Hilo si jibu, hilo ni hasira. Lifutwe.”

Mwinjilisti Matayo akasema, “Hatufuti jibu la msikilizaji. Ikram ni nani?”

Mama Mdogo akasema, “Hatumjui.”

Unajua ninavyokuwa watu wakinitazama. Nilikuwa nimekunja nakala yako ndani ya kiganja mpaka ikalowa jasho. Nikasema, “Tunamjua. Tulimwona mimi na wewe, Mama Mdogo. Kitambaa kilikuwa cha kijani.” Sauti ilitoka kama ya mbuzi. Nikaeleza yote, na sidhani nilieleza kwa mpangilio.

Mama Mdogo hakukana. Aliwaambia, “Nilikuwa na watoto ishirini barabarani. Mngefanya nini ninyi?” Alikusanya vitabu vyake akaondoka, na nilipofika nyumbani begi langu lilikuwa nje, limefungwa vizuri, nguo zimepigwa pasi. Hiyo pasi inaniuma kuliko kama begi lingetupwa.

Mstari haujaamuliwa. Mwinjilisti Matayo ameweka alama ya kuuliza pembeni, wanaurudisha kwa wasomaji wengine. Najua hilo kwako si kitu. Nakwambia tu ili usidhani nimeshinda.

Jana nilikwenda kwa baba yako.

Alikuwa anapukuchua mahindi chini ya ghala, na mama yako yupo jikoni. Nilisema shikamoo. Akasema, “Marahaba, binti Mdoe. Korogwe wanakulisha nini, mbona umekwisha?” Nikasema, “Mzee, ile siku ya Kabuku nilimwona Ikram.” Hakunielewa. Nikasema tena, “Uliniuliza nikasema sikumwona. Nilimwona. Pikipiki ilimgonga, watu wakambeba, wakamwosha jeraha kwa gongo kwa sababu hawakuwa na kitu kingine. Hakunywa. Aliniita, akasema nikuambie amegongwa. Nikapita.”

Akaliweka gunzi chini. Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

“Nilikuuliza,” baba yako akasema.

“Ndiyo, mzee.”

“Kuna watoto wangapi kijiji hiki ningeweza kuwauliza? Nikaja kwako. Unajua kwa nini?”

“Najua, mzee.”

“Hujui! Nilikuja kwako kwa sababu nilitaka unisaidie nisimfukuze mwanangu. Nilikuwa tayari nimeshika begi lake, nikasema, hebu kwanza nikamuulize yule mtoto asiyejua uongo.”

Hapo mama yako akamgeukia yeye, si mimi. “Na mwanao mwenyewe hukumuuliza mara mbili?” akasema. “Alikwambia nikiwa nimeketi hapa hapa. Ulitaka neno la mtoto wa jirani.” Akarudi jikoni. Kuku walikuja wakaanza kula mahindi ya baba yako na hakuwafukuza.

Kisha akasema, “Twende.” Akanipeleka mpaka kwenye duka la Ukasha, pale wanapoketi wanaume baada ya sala, wale wale waliomletea habari za kilabuni. Akasema, “Sema kama ulivyoniambia.” Nikasema. Ukasha akataka kutania, “Kwa hiyo gongo lilinywewa na mguu?” na baba yako akamwambia, “Cheka. Ukimaliza kucheka umwombe radhi mwanangu akifika.”

Kesho anapanda basi kuja Mkumbara kukuchukua, huenda akafika kabla ya barua hii. Atajifanya amekuja kumwona Bibi Tatu. Usimsaidie, mwache aseme mwenyewe.

Mimi ameniambia nisikanyage uani kwake mpaka atakaponiita. Nilisema ndiyo, mzee. Sikuombi unisamehe, na jina la rafiki sijalirudisha, kama utakavyoona hapo chini.

Haya yote waambie watu. Waambie nilimdanganya baba yako, waambie nilipita, waambie shuleni kwenu hata wasionijua. Siyahitaji tena yawe siri.

Ila kuna moja. Kabla sijapiga hodi, nilizunguka nyuma ya jiko la mama yako nikatapika, chai yote ya asubuhi. Nikafukia kwa mguu kama paka, nikajifuta kwa kanga, ndipo nikapiga hodi. Nadhani mama yako aliniona kupitia dirisha la jikoni, maana aliniletea maji kabla hata sijaketi.

Hilo tu, Ikram. Tafadhali, hilo usimwambie mtu.

Rosa